Kila Ujumbe na Mwendo Wake: Kutoka Foni ya Masisi hadi Intaneti ya Leo

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea magharibi kwa Barabara ya Taifa namba 2, Ziwa Kivu likiwa mkono wa kushoto na mawe meusi ya lava mkono wa kulia, utafika Mubambiro kabla kidogo ya Sake. Hapo nchi inaanza kupanda. Sake ni njia panda: njia moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, nyingine inapanda Kitshanga, na nyingine inapita Mushaki kwenda Masisi hadi Walikale. Viazi, makaa, kabichi na jibini la Masisi, vyote hupita Mubambiro vikienda Goma. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, limelemewa na magunia, lori linapanda kwa kunguruma, na pikipiki iliyombeba mama mwenye uchungu wa uzazi inatafuta upenyo katikati yao.

Lori la viazi likilala njiani, viazi vitafika kesho na mwenye mali atalalamika tu. Mama yule hawezi kulala njiani. Barabara ni moja, lakini kila mzigo una haja yake, na watu wa njia hii hawahitaji kufundishwa hilo. Historia ninayoisimulia hapa ni ya barabara nyingine, ile isiyoonekana, ambamo husafiri maneno, namba, sauti na picha. Wahandisi wa mitandao walihangaika nusu karne kujifunza jambo ambalo mwendesha redio wa Masisi alilitenda kila asubuhi: kuuliza ujumbe unahitaji nini kabla ya kuutuma.

Saa ya foni

Kabla ya simu za mkononi, Masisi na Walikale ziliongea kwa foni. Jina limetoka Kifaransa, lakini chombo kilikuwa cha watu wote: redio ya mawimbi mafupi, betri ya gari, waya uliotandazwa juu kati ya miti miwili, na mtu mmoja aliyezijua saa za kuongea. Parokia, vituo vya afya, mashirika ya misaada, mawakala wa ndege ndogo na wanunuzi wa madini, wote waliitegemea.

Milima ya Masisi huzuia mawimbi yanayosafiri sambamba na ardhi. Foni huyarusha juu, karibu wima, yakagonga tabaka la anga liitwalo ayonosfia na kurudi chini upande wa pili wa mlima. Tabaka hilo hubadilika kwa jua: mchana hutakiwa masafa ya juu zaidi, usiku ya chini. Basi saa ya kuongea haikupangwa na mtu peke yake. Anga nalo lilikuwa na neno lake.

Tazama ujumbe wa mnunuzi wa kasiterite, yaani madini ya bati, aliye Walikale, miaka ile ya 2000 ambapo mgodi wa Bisie ulichangamka na ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kubeba madini kwenda Goma. Anataka kutaja kilo. Mwendesha foni hasemi "elfu moja mia tano hamsini". Anasema moja, tano, tano, sifuri, kisha ananyamaza. Wa Goma anarudia moja, tano, tano, sifuri. Zikitofautiana, wanaanza upya. Mazungumzo yanakuwa marefu, betri inapungua, lakini hakuna kilo inayopotea hewani.

Sasa milio ya risasi imesikika karibu na kituo cha afya. Hapa hakuna kungoja zamu. Mwendesha foni anaingilia kati, na wengine wote wananyamaza. Kanuni za kimataifa za redio zimepanga hivyo: dhiki kwanza, kisha dharura, kisha usalama, halafu mengine yote. Neno moja likimezwa na mngurumo si neno, mradi jina la mahali limesikika. Ujumbe wa tatu, salamu za ndugu au taarifa ya arobaini ya marehemu, unaandikwa daftarini na kungoja jioni.

Chombo ni kimoja, lakini taratibu ni tatu. Kwa kilo za madini wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa risasi walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hizi mbili hazigombani. Kila moja imewekwa kwa jambo lake. Makubaliano ya namna hiyo, ya jinsi ya kuanza, kurudia, kungoja na kumaliza, ndiyo yanayoitwa itifaki katika lugha ya mitandao.

Silabi iliyochelewa

Mei 1974, Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha mpango wa kuunganisha mitandao ya kompyuta. Ujumbe ungekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na itifaki moja, TCP, ingehakikisha vimefika vyote tena kwa mpangilio. Kipande kikipotea kinatumwa tena, na vilivyokifuata vinangoja nyuma yake mpaka kifike. Ni utaratibu wa kilo za madini, nao ulifaa sana kwa barua na mafaili.

Mwaka huohuo Danny Cohen na wenzake walikuwa wakijaribu jambo jingine: kusafirisha sauti ya mtu katika pakiti, kati ya California na Massachusetts. Hapo ndipo uaminifu wa TCP ulipogeuka kikwazo. Silabi iliyopotea ikiletwa baada ya nusu sekunde haina kazi tena, kwa kuwa mazungumzo yameshasonga mbele. Ubaya zaidi, maneno yaliyofika salama yamezuiliwa mlangoni yakiingoja silabi hiyo. Sikio la mwanadamu huvumilia ufa mdogo katika neno, lakini halivumilii kimya kirefu. Cohen alishikilia kwamba sauti ipewe njia yake.

Hoja yake ilishinda. Mwaka 1978 TCP ya mwanzo iligawanywa: chini ikabaki IP, yenye kazi ya kupeleka pakiti tu bila ahadi, na juu yake kila programu ikachagua. Inayotaka ukamilifu itumie TCP. Inayotaka wepesi itumie UDP, itifaki ambayo Jon Postel aliieleza Agosti 1980 katika waraka wa kurasa 3 tu. UDP hutuma na kusonga mbele. Hairudii, haingoji jibu. Mwaka uliofuata, waraka wa IP ukatenga nafasi katika kila pakiti ya kuandika haja yake: nipunguzieni ucheleweshaji, nipeni njia pana, au msinipoteze. Kwa miaka mingi nafasi hiyo haikutumiwa sana.

Kisha likaja somo la msongamano. Oktoba 1986, kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyoachana kwa mita zisizofika 400, kilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta iliyokosa jibu ilituma tena, na kutuma tena kukaongeza msongamano. Van Jacobson alieleza dawa yake mwaka 1988: anza polepole, ongeza kadiri majibu yanavyorudi, na pakiti ikipotea punguza mwendo. Dawa hiyo iliokoa intaneti, lakini ilijengwa juu ya dhana kwamba kila kinachopotea kimepotea kwa sababu njia imejaa. Dhana hiyo ingekuja kuwasumbua watu wa milimani, ambako pakiti hupotea kwa mvua na kwa mawimbi dhaifu.

Mwaka huohuo wa 1986, mjini Kinshasa, mfanyabiashara Miko Rwayitare alianzisha Telecel, miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi barani Afrika. Simu zake zilikuwa za wakubwa na matajiri. Masisi iliendelea na foni.

Bahasha nzito kuliko barua

Miaka ya 1990 wahandisi walijaribu njia mbili za kuheshimu haja za programu. Ya kwanza, ya mwaka 1994, ilitaka kila mazungumzo yawekewe nafasi yake njia nzima kabla ya kuanza, kama msafara unaofungiwa barabara. Iligonga ukuta, kwa sababu kila njia panda ingelazimika kukumbuka kila mazungumzo ya dunia yanayopita hapo. Ya pili, ya Desemba 1998, ilikuwa nyepesi: pakiti zibandikwe alama chache za daraja, na njia panda ziangalie alama tu. Hiyo ndiyo iliyodumu, ingawa alama za kampuni moja mara nyingi haziheshimiwi zikivuka kuingia kwa nyingine. Katikati ya hizo, Januari 1996, ilikuja RTP, itifaki ya sauti na picha hai, inayoipa kila pakiti namba na saa yake ili mpokeaji ajue kipi kimekosekana na asonge mbele.

Kivu ilikutana na mambo haya kupitia angani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ulioundwa mwishoni mwa 1999 na kuitwa MONUSCO tangu Julai 2010, ulikuja na masahani ya satelaiti, na mashirika ya misaada nayo yakaweka yake. Satelaiti za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno likipanda na kushuka husafiri zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa kasi ya nuru hiyo ni karibu robo sekunde. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Ndiyo maana watu wawili kwenye satelaiti hukatizana maneno, kisha wote wawili hunyamaza kwa adabu, kisha huanza tena pamoja.

Kuna jambo la karibu zaidi la kulitazama. Sauti iliyobanwa vizuri kwa kiungo chembamba huchukua baiti 20 kwa kila milisekunde 20 za maneno. Lakini ili baiti hizo 20 zisafiri, hubandikwa maelezo ya IP, ya UDP na ya RTP, jumla baiti 40. Bahasha ina uzito mara mbili ya barua. Mwenye kulipia satelaiti kwa dola za kila mwezi alikuwa analipia bahasha. Mwaka 1999 ulitoka utaratibu wa kuibana bahasha hiyo: kwa kuwa anwani ni zilezile kutoka pakiti hadi pakiti, tuma tofauti tu, baiti 2 hadi 4. Mwaka huo pia yalitoka mapendekezo ya kuirekebisha TCP kwa satelaiti, kwani utaratibu wa kuanza polepole na kungoja majibu huwa mateso pale kila jibu linapochukua zaidi ya nusu sekunde kurudi.

Desemba 2013, Goma ikawa mahali pa kwanza ambapo Umoja wa Mataifa ulirusha ndege zake za upelelezi zisizo na rubani. Katika chombo kama hicho haja mbili husafiri pamoja: picha hai, inayotaka njia pana na kuvumilia mwanya mdogo, na amri ya kugeuza ndege, iliyo fupi kuliko sentensi lakini isiyotakiwa kupotea wala kuchelewa. Anayezitia zote mbili katika mfereji mmoja bila kuzitenga anacheza na ndege na walio chini yake.

Watu wa kawaida nao walikuwa wameshabuni itifaki zao. Simu za mkononi zilipoenea baada ya 2002, aliyekosa yunite, yaani salio, alibipa: simu inalia mara moja na kukatwa, na ujumbe umefika, "nimeshafika" au "nipigie", kulingana na walivyoagana. Aliyekuwa bondeni pasipo na rezo, yaani mtandao, aliandikiwa SMS, ile ya herufi 160, ambayo hutunzwa katika mitambo ya kampuni mpaka simu yake ipande mlima na kuamka. Hakuna mhandisi aliyewafundisha.

Mlima haungoji

Mahali ambapo suala hili la haja za kila ujumbe liligusa uhai wa watu wengi kwa pamoja ni Nyiragongo, mlima wa volkano. Mlima huo ulipopasuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kukata katikati ya Goma, vituo vya kupima mitetemo vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa 2 tu, Katale na Bulengo, hiki cha pili kikiwa kando ya ziwa upande huu wa kwenda Sake. Mtaalamu Mkongo Dieudonné Wafula alikuwa ameona dalili na kutoa onyo, lakini hapakuwa na mfumo wa kulisikia kwa wakati.

Miaka iliyofuata vituo viliongezeka, na takwimu zikawa zinakuja Goma kwa mtandao. Takwimu za mitetemo ni kama kilo za madini: mwanya mmoja unaweza kuficha dalili. Kwa hiyo wanaseismolojia duniani hutumia itifaki kama SeedLink, inayoandika namba kwenye kila fungu. Kiungo kikikatika na kurudi, mpokeaji husema "niliishia hapa", na mengine yanaletwa kuanzia hapo. Lakini itifaki yoyote inahitaji kiungo kilicholipiwa. Mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukisaidia Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma ulikwisha 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa intaneti. Ilirudi muda mfupi kabla mlima haujapasuka tena, jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba safari hii dalili za wazi zilianza takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Hili linabadilisha hesabu. Kwa mwanasayansi anayetafuta kuuelewa mlima, takwimu kamili zinazofika kesho zinatosha. Kwa mji wenye dakika 40, takwimu zenye mianya zinazofika sasa hivi ni bora kuliko zilizokamilika zinazofika usiku wa manane. Mtetemo ni uleule, waya ni uleule, lakini haja zimekuwa mbili, na mfumo unapaswa kuzihudumia zote.

Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alitangaza kuhamishwa kwa mitaa 10 ya Goma. Maelfu kwa maelfu wakashika barabara ya Sake, magodoro kichwani na watoto mkononi, wakapita Mubambiro. Tangazo kama hilo lina itifaki yake ya zamani: redio. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, hutangaza Kiswahili pamoja na lugha nyingine, na mawimbi yake hayahitaji jibu la msikilizaji. Mtu mmoja au laki nne, mzigo ni uleule. Simu, kinyume chake, hujaa pale kila mtu anapompigia mwenziwe kwa wakati mmoja.

Wiki hiyohiyo, mbali na vumbi la barabara ile, ilitolewa rasmi itifaki mpya ya intaneti, QUIC. Imejengwa juu ya UDP, ule waraka wa kurasa 3. Ndani yake mazungumzo mengi husafiri bega kwa bega, na kipande kikipotea katika moja, mengine hayasimami. Kila muunganisho una kitambulisho chake, hivyo mtu anayetembea akitoka mnara mmoja hadi mwingine, au kutoka Wi-Fi hadi simu, hakatwi na kuanza upya. Machi 2022 iliongezwa ruhusa ya kubeba pia pakiti zisizorudiwa, ili ukamilifu na wepesi vikae chini ya paa moja. Mwendesha foni angeutambua mpango huo mara moja.

Odio na pesa

Leo Masisi imerudi kwenye daftari la foni kwa njia mpya. Tangu 2013 WhatsApp inaruhusu kutuma sauti iliyorekodiwa, na watu wa Kivu wameipenda kuliko kupiga: wanatuma odio. Rezo ikiwa mbovu simu hukatikakatika, lakini odio husubiri, hupanda kidogo kidogo na kufika nzima. Sauti iliyoanza safari yake kwa Cohen kama kitu kisichongoja, hapa imechagua kungoja. Kodeki ya Opus, yaani kanuni ya kubana sauti iliyosanifiwa Septemba 2012, nayo hujinyoosha na kujibana kutoka biti 6,000 hadi 510,000 kwa sekunde, kwa kadiri ya njia iliyopo.

Pesa ina haja yake ya pekee. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na wengi huitumia kwa USSD, ile ya nyota na reli. Swali gumu ni hili: umetuma dola 20, rezo ikakatika kabla ya jibu. Zimekwenda au hazijakwenda? Ukituma tena, zitakwenda mara mbili? Dawa ni kuupa kila muamala namba yake, ili ombi lilelile likifika mara mbili litekelezwe mara moja, na SMS ya kuthibitisha ifike hata kama ni baadaye. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Sake kisha Goma, benki za mji zilifungwa na watu wakategemea pesa za simu kununua chakula. Usahihi wa itifaki ukawa unga wa jioni.

Wakati huo Mubambiro yenyewe ilikuwa kambi ya askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliotumwa kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi tangu Desemba 2023, na mbele yao walikuwa wamepita wakimbizi wa Masisi kwa maelfu. Kila mmoja wao alikuwa na ujumbe wa kutuma: mahali mtoto alipoonekana mara ya mwisho, namba ya ndugu wa Goma, kiasi cha pesa, neno moja tu kwamba ni mzima. Hakuna njia moja inayotosha kwa hayo yote. Satelaiti za chini, zilizo kilomita mia kadhaa tu juu yetu, ziliruhusiwa kisheria nchini Mei 2025, nazo hupunguza ucheleweshaji hadi sehemu ndogo ya ule wa zamani. Hata hizo haziondoi kazi ya kuchagua.

Kwa hiyo kwenu mnaoandika programu Goma, Bukavu, Nairobi au Dar es Salaam: msiipime kazi yenu kwa rezo ya ofisini. Ipimeni kwa simu ya bei nafuu, betri ikiwa nusu, mnara mmoja nyuma ya mlima. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza, uulizeni kila ujumbe maswali ya mwendesha foni: unaweza kungoja? Unaweza kupungua? Ukifika mara mbili, nani ataumia? Majibu yakitofautiana, njia zitofautiane pia. Masisi ilijua hivyo ikiwa na betri ya gari na waya kati ya miti miwili.